TAHADHARI: Multimita za "CAT III 1000V" zinazouzwa kwenye magrupu, usilipe kabla ya kufungua mfuniko

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi hapa Dar. Anauza multimita (kipimo cha volti, ampea na kadhalika) anayoiita ya kitaalamu: True RMS (inasoma sawasawa hata wimbi la umeme lisilo laini), kaunti 6000 (skrini inahesabu hadi karibu 6000), CAT III 1000V (daraja la usalama la kupimia umeme wa ndani ya majengo, hadi volti 1000). Bei yake ni karibu mara tatu ya ile mita ndogo ya njano, DT830, iliyojaa Kariakoo. Hela inatangulia, bodaboda analeta boksi limefungwa, ukilalamika unablokiwa. Vijana wawili wa hapa kijiweni wameshalizwa.

Mita zao nimezifungua. Ndani ni bodi ya aina ileile ya DT830, imevalishwa kava nene la mpira. Fyuzi ni moja, ndogo ya kioo, upande wa miliampea. Tundu la 10A halina fyuzi kabisa. Kuna kipande cha waya mnene kinachokwenda moja kwa moja hadi COM, tundu la waya mweusi. Sasa chukulia mtu anayejifunza amepima ampea, akasahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, kisha akachomeka kwenye soketi ya ukutani. Hiyo ni shoti ya 230V ndani ya kitu alichokishika mkononi, na cha kuikata ni brekari ya nyumba tu, kama ipo na inafanya kazi. Waya za kupimia nazo zimechapwa "1000V". Niliukata mmoja, shaba ya ndani ni nyembamba kama nywele.

Kutapeliwa hela kunauma, lakini hili la kumdanganya mtu kuhusu usalama wake ndilo lililonifanya niandike.

Kwa hiyo mwambie muuzaji mkutane, na bisibisi iwepo. Mita ya kweli ya daraja hilo ina fyuzi kwenye matundu yote ya ampea, nazo ni za seramiki zenye mchanga ndani, zinazozima cheche. Fyuzi ndogo ya kioo inaweza kupasuka shoti ikiwa kubwa. Akikataa kufungua, ondoka.

Halafu pima betri ya simu mbele yake. Mita ya kaunti 6000 itasoma mfano 3.842. Ya kaunti 2000, kama DT830, itaishia 3.84, hata uzungushe swichi vipi.

DT830 yenyewe siisemi vibaya. Kwa redio za betri, chaja upande wa 5V na bodi za kujifunzia inatosha kabisa, ila badilisha betri yake ya 9V mapema, maana ikichoka mita inasoma juu kuliko ukweli. Isiguse soketi wala upande wa umeme mkubwa wa pawa saplai, ambako kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) hukaa na volti zaidi ya 300.

Kama umeshatuma hela, usifute mazungumzo wala meseji ya muamala. Ripoti namba yake kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha nenda polisi na ushahidi huo.