Uzoefu wangu na Nissan Leaf used hapa Dar: kwenye gari ya umeme unanunua betri

Watu wananiuliza sana kuhusu hii gari kwa hiyo acha nieleze yote hapa. Ni Nissan Leaf ya 2016, ile yenye betri ya kilowati-saa 30, imetoka Japan used, mimi nakaa Tegeta kazi Posta. Sina muda mrefu nayo lakini picha nimeshaipata, naipenda sana hii gari, ila siyo gari ya kila mtu.

Kuendesha kwanza. Aisee ni raha. Ukikanyaga inaondoka hapohapo, hakuna kusubiri gia ibadilike maana gia za kubadilisha hazipo, hakuna mtetemo, kelele unayosikia ni ya matairi na feni ya AC basi. Kwenye foleni ya Mwenge ndo utaielewa vizuri, gari ikisimama mota imesimama na yenyewe, kinachokula umeme ni AC, redio na taa tu, wakati wenzio injini zinanguruma na mafuta yanaungua bure. Halafu kile kirungu ukikiweka kwenye B badala ya D, ukiachia pedeli gari inapunguza mwendo yenyewe na umeme unarudi kwenye betri, kwa hiyo breki unagusa kidogo sana. Angalizo tu, ukitembea taratibu watu hawakusikii, kile kisauti inachotoa kwenye mwendo mdogo hapa kwetu kinamezwa na bodaboda na honi, kwa hiyo ukipita mitaani kwenye watoto kuwa makini sana.

Sasa hela. Umeme wa LUKU kwa sisi wa kawaida elfu moja inakupa yuniti kama 2.8 (yuniti moja ndo kilowati-saa moja), yaani yuniti moja ni kama shilingi 357. Mimi kwa mwendo wa mjini na AC imewashwa yuniti moja inanipeleka kilomita kama 6, ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji weka kilomita 100 kwa yuniti 18 hivi, ambayo haifiki elfu saba. Chukua gari ndogo ya petroli inayokula lita moja kwa kilomita 12 kwenye foleni zetu, kilomita 100 ni lita 8 na kitu, petroli ikiwa elfu tatu hapo ushatoa elfu 25. Kila mtu apige hesabu zake lakini kwa mimi ninayetoka Tegeta kwenda mjini na kurudi kila siku ya kazi hii tofauti naiona kabisa mwisho wa mwezi, sheli napita naangalia tu bei kwenye bango. Na hapo sijagusa service: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna timing belt. Kilichobaki ni vitu kama matairi, shokapu, bushi, mafuta ya breki, maji ya kupooza (coolant) ya mota na inveta, yaani kile kifaa kinachobadili umeme wa betri uende kwenye mota, na ile betri ndogo ya volti 12.

Hiyo betri ndogo msiidharau. Watu wanadhani gari ya umeme haina betri ya kawaida, inayo, na ikifa gari haiwaki hata kama ile kubwa imejaa pomoni, maana ndo inayoamsha kompyuta zote. Ukinunua used badilisha mapema uondokane na mawazo.

Haya, betri kubwa, hapa ndo penye mambo. Ilipokuwa mpya Wajapani kwa kipimo chao cha JC08 waliandika inaenda kilomita 280, Wamarekani wakapima kwa utaratibu wao wakapata maili 107 ambazo ni kama kilomita 172, na hii ya Wamarekani ndo iko karibu na ukweli. Yangu afya ya betri, yaani uwezo wake wa kubeba umeme ukilinganisha na ilipokuwa mpya, imebaki asilimia themanini na kitu kidogo, kwa hiyo mimi nahesabu kilomita 130 za uhakika, ukiipeleka spidi 100 kuelekea Bagamoyo zinashuka haraka zaidi kwa sababu mwendo mkubwa unakula sana. Kwa mjini inatosha na inabaki. Kwa Morogoro kama una hii ya 30, sahau kwenda moja kwa moja, umbali ni karibu kilomita 200 na ule mlango wa kuchaji haraka ni CHAdeMO ya Kijapani, usipange safari kwa kutegemea utaupatia umeme njiani.

Kitu cha kujua, Leaf haina mfumo wa maji wa kupooza betri, inategemea hewa tu, na joto la Dar mnalijua. Mimi nafanya hivi: nikifika nyumbani siichomeki hapohapo, naiacha ipoe halafu naseti taima ianze usiku wa manane, natafuta kivuli cha kupaki, na siiachi imejaa asilimia 100 siku nzima bila kutembea. Betri za lithiamu hazipendi joto na hazipendi kukaa zimejaa, vikiungana hivyo viwili unajiumiza mwenyewe.

Ukitaka kununua usidanganyike na kilomita chache kwenye dashibodi. Angalia vile vijistari 12 pembeni ya geji ya chaji, cha kwanza kinapotea afya ikishuka kwenye asilimia 85 hivi. Lakini navyo vinaweza kurisetiwa vikaonekana vimejaa, kwa hiyo tafuta kidude cha OBD2 cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na app ya simu ya LeafSpy, itakuonyesha afya ya betri, imechajiwa haraka mara ngapi, na volti za seli zote 96. Seli moja ikiwa chini sana kuliko wenzake achana na hiyo gari. Halafu iendeshe kweli, siyo kuzunguka yadi, ijazwe uende nayo kilomita 30 au 40 uone asilimia zinashukaje. Muuzaji akikataa hilo tafuta nyingine, Leaf ziko nyingi.

Kuchaji nyumbani: waya wangu wa Japan ni wa volti 200 ampia 15 na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Tafadhali msikate mkaweka plagi ya kawaida ya ampia 13, ile haijatengenezwa kubeba mzigo mkubwa masaa nane mfululizo, inapata moto mpaka inayeyuka. Mwite fundi umeme anayejua kazi, avute waya wa mm 4 toka kwenye main switch, aweke breka yake peke yake, earth iliyopimwa na ile soketi ya bluu ya viwandani. Hiyo ndo hela bora niliyotumia kwenye huu mradi mzima. Inavuta kilowati kama 3, kwa hiyo usiku mmoja unatosha. Umeme ukikatika usiku ndo unaamka na asilimia zilezile, mimi siku hizi sishuki chini ya 40 nikalala bila kuchomeka.

Kwa waliopanga nyumba. Kama mita mnachangia, ongea na wenzako kabla gari haijafika, funga mita ndogo ya kuhesabia kwenye laini ya gari ili kila mtu aone umetumia yuniti ngapi, maana kujaza mara moja ni yuniti zaidi ya 20 na hakuna mpangaji atakayekubali kukulipia. Na kama mlikuwa kwenye ile tarifa nafuu ya wanaotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi mtatoka, kwa hiyo hiyo tofauti ya bei ya umeme wa nyumba nzima nayo iingize kwenye mazungumzo yenu.