Hema la juu ya gari: lenyewe sio baya, ila bila fundi viti halijakamilika

Wadau mnaouliza kuhusu haya mahema ya juu ya gari ya kukunjua, yale ya turubai yenye kava la PVC yanayotoka China bila jina kubwa, mi nasema nunua tu, ila weka pembeni hela ya fundi. Likitoka boksini nalipa alama sita kwa kumi. Likishapita kwa fundi viti vya magari na ukaongezea vitu vidogo vidogo vya dukani linafika nane na nusu huko, na hela yenyewe ukiilinganisha na bei ya hema ni chenji. Langu liko juu ya Prado na kazi yake ni huku kaskazini mwa Tanzania, Natron, Eyasi, Karatu na kule juu Ngorongoro kwenye kingo ya kreta, kwaiyo ninachoongelea ni vumbi, upepo na baridi. Watu wa pwani nyie mna joto na chumvi, mtajazia wenyewe.

Lenyewe sasa. Likifunguliwa unapata mita 1.4 kwa 2.4 hivi, watu wazima wawili mnalala bila kugombana na mtoto mmoja anaingia katikati kwa kubanana. Uzito ni kilo 60 na ushee, na hapo ndo pa kuangalia kabla hata hujauliza bei, maana paa la kila gari lina kikomo chake na kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, alafu hicho kikomo ni cha gari ikiwa inatembea, ikisimama paa linabeba zaidi ndio maana mnaweza kulala juu watu wawili na lisibonyee. Watu wengi wanapiga hesabu ya hema peke yake wanasahau keria. Keria ya mabomba ya chuma ya kuchomelea mtaani ni nzito sana, inakula kilo zako zote kabla hujapandisha kitu, kwaiyo kama gari yako paa lake ni la kuonea huruma tafuta keria ya alumini, au tafuta hema la chini tu uendelee na maisha.

Turubai lake sina lawama nalo, ni pamba iliyochanganywa na polista, zito, upepo ukija halipigi makelele. Zipu za milango ni nene. Nyuzi za kava ndo majanga, nitakuja huko.

Shida kubwa ni maji, na sisemei mvua, nasemea maji yenu wenyewe mliolala humo. Sakafu ya haya mahema ni bati la alumini lenye foma katikati, chini yake upepo wa usiku unapita, bati linakua la baridi kweli kweli, na juu yake kuna godoro la foma la sentimita sita saba na miili miwili inatoa joto na jasho na pumzi usiku kucha. Ule mvuke unashuka hadi kwenye bati baridi unageuka maji. Ukilala pale Simba campsite, ile ya kwenye kingo ya kreta, juu ya mita 2,300, asubuhi nyanyua godoro upitishe kiganja chini yake, unakuta pamelowa na kitambaa cha godoro kimeshikana na bati. Sasa watu wa safari asubuhi tuna haraka, unakunja hivo hivo, unafunga kava, linapigwa jua la mchana likiwa limefungwa, jioni ukifungua harufu yake aisee. Ukirudia rudia unaanza kuona vidoti vyeusi kwenye godoro na hivyo havitoki, hata na jiki. Alafu mtu anaenda kusema hema linavuja.

Wanauza mkeka maalum wa kuweka chini ya godoro upitishe hewa, mzuri ila kuuagiza mpaka ufike huku bei inakua ya kiwendawazimu. Mi nimetumia lile zulia la plastiki lililosokotwa kama tambi, lile watu wanaweka kwenye sakafu ya gari na mlangoni, linauzwa kwa mita kwenye maduka ya mapambo ya magari. Chukua jembamba, la sentimita moja, na usichukue lile lenye mgongo wa plastiki umeziba, chukua lililo wazi pande zote ili hewa ipite. Likate vipande viwili kufuata mkunjo wa sakafu, usiweke kipande kizima kwa sababu pale katikati linapokunjwa litabinuka na hema halitafunga. Basi. Godoro linakaa juu ya hewa, asubuhi linatoka kavu, labda unyevu kidogo kwenye kona za miguuni. Kama ungeniambia nifanye kitu kimoja tu kwenye hema zima ningefanya hiki na mengine yote ningeacha.

Ila zulia peke yake halitoshi kama mnaziba kila dirisha. Acha upenyo wa kiganja juu kwenye madirisha mawili yanayotazamana, hata kama baridi inakuuma, ongeza blanketi. Na nikishataja baridi, kuna watu nimewaona kwa macho yangu wanapandisha jiko la mkaa lenye makaa yaliyobaki "kupasha kidogo" kabla ya kulala. Usifanye hivyo hata dakika tano. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, mnalala na hamuamki. Chemsha maji, weka kwenye chupa ngumu, funga vizuri, ingiza nayo kitandani miguuni. Inakaa na joto muda mrefu tu.

Sasa nyuzi. Nilipeleka kava Unga Limited, pale Arusha, kwa fundi anayeshona viti vya magari na maturubai ya malori, akauvuta mshono kwa kidole gumba ukaachia, akaniangalia akasema, "Bosi, hii PVC yenyewe nzuri, ila wameishona na uzi wa mashati." Na kweli, jua la huku linakula uzi mwembamba haraka sana, PVC bado mpya kabisa mshono unafunguka wenyewe. Akarudia mshono wote wa zipu kwa uzi mnene wa nailoni, akaongeza kipande cha turubai la lori kwenye kona nne pale panaposuguana na keria, alafu nikamuomba aweke ulimi wa kufunika zipu ili vumbi lisiingie moja kwa moja. Ulimi upana wa vidole vinne. Nawaambia ukipita barabara ya Engaruka kwenda Natron, lile vumbi laini linaingia kila mahali, bila ule ulimi unafika na shuka la kijivu. Kazi nzima haikuchukua hata siku na bei sitaji kwa sababu kila nikirudi kwake imepanda, ila ni pesa ya kawaida ya fundi viti.

Za turubai lenyewe la hema hazihitaji fundi. Kabla ya safari ya kwanza lifungue uani, limwagie maji na mpira wa bustani mpaka lilowe chapa, liache likauke kabisa, rudia tena. Nyuzi zikilowa zinavimba zinaziba matundu ya sindano. Pale patakapobaki panadondosha tone, pakaushe kwanza, paka nta ya nyuki kwa ndani na nje, pitisha kijiko kilichopashwa moto kidogo ili izame. Nta ya nyuki ipo sokoni kwa wauza asali, usiende kununua kopo la dukani lenye picha ya mlima.

Zipu zikianza kukwama kwa vumbi piga mswaki mkavu kwanza alafu paka mshumaa. Grisi hapana, mafuta ya kula hapana, yanashika vumbi na baada ya wiki umejitengenezea msasa.

Ngazi inayokuja nayo ni ya alumini ya kuvuta, nyepesi, inatosha urefu kwa Prado, ila ina mambo mawili. Vipago vyake ni vyembamba na usiku ukishuka peku vinakata nyayo, hapo zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kila kipago, kaza na gundi ya viraka, na mlio wake ukigusa gari unaisha pia. La pili miguu yake inazama kwenye udongo mweusi wa masika, upande mmoja ukizama hema linalala upande maana nusu ya sakafu inabebwa na hiyo ngazi. Mi nimechukua katambuga, vile viatu vya tairi, pea moja, kubwa, nikafunga chini ya miguu ya ngazi kwa waya. Wamasai wa pale campsite walicheka sana. Ila haizami.

Kitu kingine ambacho kinasumbua kila mtu ni kufunga, turubai linatoka nje pembeni wakati unakunja, unabaki unazunguka gari unalichomeka kwa mikono huku mvua inakuja. Chukua ile mipira ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, unga miwili, zungusha kiunoni mwa hema kwa nje likiwa wazi kabla hujaanza kukunja, hema likishuka mpira unalivuta turubai ndani lenyewe. Unafunga peke yako bila kuita mtu. Nashangaa kwanini viwandani hawaweki, ni kitu cha bei ndogo tu.

Zile fito za chuma za kunyanyulia vivuli vya madirisha zinakuja kwenye kimfuko cha nguo ambacho kitapotea, nunua bomba la PVC la maji machafu inchi mbili, kofia upande mmoja uigundishe na upande mwingine iwe ya kufungua, funga kwenye keria. Usisahau kuziingizia kitambaa humo ndani, zitakuimbia njia nzima.

Bolti. Nyingi zinakua M8, spana namba 13, tembea nayo kwenye mlango wa dereva. Barabara ya mawimbi inalegeza kila kitu, kwaiyo toa nati za kawaida weka zile zenye plastiki ndani, alafu bado ukitoka kwenye vumbi kaza tena. Na kila reli weka nati moja ya kufuli, zile za funguo maalum, sababu hema ni kilo 60 lakini watu wawili na spana wanalishusha ukiwa unakula chipsi.

Taa nimeweka mkanda wa LED wa USB kwenye pawabenki, wa rangi ya njano. Nyeupe inaita wadudu wa tarafa nzima. Na ukutani nje karibu na mlango nimeshonewa mfuko wa viatu wa turubai, unapanda unaviweka humo, ukiviacha chini fisi anaondoka navyo au asubuhi unakuta nge.

Ambacho sijakipenda na sijapata dawa yake ni kile chumba cha chini wanachokuuzia pamoja, cha kuning'inia. Kizito, kukifunga zipu yake unahitaji watu wawili na subira, na upepo wa jioni wa Natron unakifanya kuwa tanga la jahazi. Kama muuzaji anakubali kukitoa na kukupunguzia bei, chukua hivyo.

Ukinunua lililotumika, mwambie muuzaji alifungue lote mbele yako, sio nusu. Nyanyua godoro uangalie chini, nusa, vuta mshono wa kava kwa kidole gumba, fungua na kufunga kila zipu mpaka mwisho, alafu panda ulale ndani mchana huku milango imefungwa, utaona jua linapenya wapi. Tundu la mwiba wa mgunga linazibika kwa kiraka na gundi, kwaiyo hilo lisikutishe, omba tu punguzo. Vidoti vyeusi kwenye godoro unaweza kuvumilia kwa sababu godoro la saizi hiyo wauza magodoro wanakukatia. Vidoti vikiwa kwenye turubai, mrudishie ufunguo wake mwenyewe.