Uzoefu wangu na epoksi angavu ya chupa mbili: ukungu unaozunguka lebo unatoka wapi

Ninatengeneza vishikizo vya funguo za vyumba kwa ajili ya nyumba za wageni hapa Mombasa. Kila kishikizo ni kipande cha epoksi angavu chenye unene wa milimita 8 hivi, na ndani yake kuna lebo iliyochapishwa jina la chumba na namba yake. Epoksi ninayoitumia, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikishachanganywa, ni ile ya chupa mbili, A (rezini) na B (kigandishi), inayochanganywa kwa ujazo sawa, na ninaiandikia tathmini hii kwa ajili ya mtu ambaye ameinunua, akaimimina juu ya lebo yake, na kesho yake akakuta maandishi yamefunikwa na utando mweupe. Kwa maoni yangu epoksi yenyewe haina hatia. Nilijaza kalibu mbili (vyombo vya silikoni vinavyokipa kipande umbo lake) kutokana na mchanganyiko mmoja, moja ikiwa na lebo na nyingine ikiwa tupu, nikaziacha zikauke chumba kimoja. Ile tupu ilitoka safi kiasi cha kusomea gazeti lililowekwa chini yake, na ile yenye lebo ikatoka na ukungu. Kasoro ninayoihesabu dhidi ya bidhaa hii ni karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi, ambayo haisemi neno lolote kuhusu kuzamisha karatasi, ilhali picha iliyo juu ya boksi hilohilo inaonyesha maua na picha zilizozamishwa.

Kabla ya kubadilisha chochote katika kazi yako, lowesha uso wa kipande kwa maji kidogo. Ukungu ukitoweka kikiwa kimelowa kisha ukarudi kinapokauka, basi uko juu ya uso wala hauko ndani, na lebo haihusiki. Mara nyingi chanzo chake ni kalibu: silikoni hunakili kila kitu, na kalibu ambayo ndani haing'ai haiwezi kutoa kipande kinachong'aa. Dawa yake ni msasa laini wa maji, ukipanda hatua kwa hatua hadi namba 3000, kisha dawa ya kung'arishia. Au umimine juu yake tabaka jembamba la epoksi mpya.

Kuna utando mwingine wa juu ambao sisi wa pwani tunapaswa kuuangalia zaidi kuliko mtu wa Nairobi. Chupa B ina kemikali za jamii ya amini, nazo hupenda kuungana na unyevu pamoja na gesi ya kaboni dioksidi iliyomo hewani, na matokeo yake ni ngozi nyembamba yenye utelezi kama wa mshumaa juu ya tabaka linaloganda. Katika miezi ya masika, hasa ukimimina usiku madirisha yakiwa wazi, utaigusa kwa kidole na kuihisi. Maji ya uvuguvugu na sabuni huiondoa bila shida. Taabu huanza pale unapoweka lebo juu ya tabaka la kwanza bila kuliosha, kwa maana tabaka la pili litaifungia ngozi hiyo katikati, na hapo hakuna msasa utakaoifikia. Kwa sababu hiyohiyo ninaifunga chupa B mara tu ninapomaliza kumimina.

Ukungu ukibaki palepale hata baada ya kulowesha uso, basi uko ndani, na hapo ndipo karatasi inapohojiwa. Karatasi ya kawaida ni nyuzi zilizosokotana, na katikati ya nyuzi hizo kuna hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya ionekane nyeupe, kwa kuwa mwanga hutawanyika kila unapovuka kutoka kwenye uzi kwenda kwenye hewa. Epoksi inapoingia mahali pa hewa, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Kwanza, uwezo wa epoksi wa kupinda mwanga unakaribiana na ule wa nyuzi, hivyo mwanga hautawanyiki tena na karatasi inakuwa na doa la kiza, sawa na karatasi iliyofungiwa maandazi ya moto. Pili, hewa iliyofukuzwa lazima itoke, nayo hutoka kama viputo vidogo mno ambavyo jicho halivitofautishi kimoja kimoja bali huviona kama moshi uliozunguka lebo. Piga picha ya karibu kwa simu kisha uikuze. Ukiona chembechembe za mviringo, umepata jibu. Moto wa gesi ambao wengi huupitisha juu ya kalibu hupasua viputo vilivyofika juu tu, na vile vilivyonasa chini ya lebo haviguswi.

Kwa hiyo karatasi lazima ifungwe kabla ya kuzamishwa, na ifungwe baada ya kukatwa, kwa sababu ukingo uliokatwa ndio mlango mkubwa wa hewa. Ninapaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo, pande zote mbili na ukingoni, mara mbili. Gundi hii inatokana na maji, na ikiwa bado ina unyevu ndani, epoksi inayoigusa hugeuka rangi ya maziwa. Huo ni ukungu wa aina nyingine kabisa: hauna chembe, umekaa kwenye lebo yenyewe, na kuongeza tabaka la gundi huuzidisha. Kuonekana kavu kwa macho hakutoshi katika hewa ya hapa. Ninaziacha lebo chini ya feni usiku kucha, kisha ninazitia kwenye kopo lenye vipakiti vya kufyonza unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Printa nayo ina neno lake. Lebo za printa ya leza huvumilia gundi ya maji, kwa kuwa wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi. Za printa ya wino wa maji huchuja rangi, kwa hiyo zipulizie kwanza vanishi ya akriliki kwa matabaka mepesi. Msitie karatasi ya picha ya printa ya wino ndani ya printa ya leza, kwani joto laweza kuyeyusha mipako yake na kuiharibu mashine.

Siku hizi kazi nyingi ninazifanya kwa stika za plastiki, ambazo epoksi haiingii ndani yake, na karibu matatizo yote ya karatasi yakaisha. Lililobaki ni doa la rangi ya fedha chini ya stika, ambalo ni hewa iliyobanwa. Ninapaka epoksi kwa brashi upande wa chini wa lebo, kisha ninailaza kwa kuanzia upande mmoja, tabaka la kwanza likiwa limeganda lakini bado linanata. Rezini inayogandishwa kwa taa sikuipenda kwa kazi hii, kwa sababu lebo huzuia mwanga na chini yake hubaki ute.

Kuhusu vipimo, boksi linasema ujazo sawa, na neno hilo lichukuliwe lilivyo. Chupa A ni nzito kuliko B kwa ujazo uleule, kwa hiyo anayepima gramu sawa kwa mizani anapunja A na kuzidisha B, na kipande chake kinaweza kubaki laini. Koroga polepole, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe, kisha uhamishie kwenye kikombe kingine na ukoroge tena.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano haikupotea kwa ajili ya karatasi ya maelezo peke yake: vipande hulainika vikiachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, na vile vinavyoning'inia dirishani huanza kuwa vya manjano. Kwa mteja ambaye ubao wake wa funguo unapigwa na jua, humwambia mapema autundike ukuta mwingine.