Siti za Evo kwenye Altezza yangu: nilipopigwa na niliporidhika

Gari yangu ni Toyota Altezza RS200, ile ya gia 6 za mkono, na siti zake za kuzaliwa zilikuwa zimechoka vibaya. Ya dereva ndo usiseme, sponji ya upande wa mlangoni imebonyea maana watu wamepanda na kushuka zaidi ya miaka 20, kitambaa kimetoboka mpaka waya unaonekana. Kinachouma ni kwamba mbele pako safi kabisa, ile spidomita yenye visaa vitatu vidogo ndani yake kama saa ya mkononi mpaka leo sichoki kuiangalia, halafu unaikalia siti kama ya daladala.

Siti nilizipata Gerezani, ule mtaa wa Dar, siti za spoti za Recaro pea moja zilizofunguliwa kwenye Mitsubishi Lancer Evolution, ndo hiyo Evo, zile zilikuja nazo toka kiwandani. Milioni 1 na laki 7, baada ya kubishana mpaka jamaa akaniletea soda. Siti feki za spoti zipo kibao mjini, hasa zenye jina la Bride, nembo kubwa kitambaa kinang'aa ukiikalia siku mbili mgongo unauma, kwa hiyo usiangalie nembo, pindua siti chini juu. Angalia fremu imechomelewaje, kutu ipo wapi, lala nayo mbele nyuma usikie kama meno ya kulazia yanashika. Yangu moja ilikuwa na kutu kidogo kwenye reli, zile siti inatelezea mbele na nyuma, nikapunguziwa elfu 50.

Sasa kosa langu. Nikazipeleka gereji moja, sitaji jina, wakaniambia leo jioni unaondoka nayo. Matundu ya sakafu ya Altezza na miguu ya siti za Evo haviendani, walichofanya wakachukua reli za Altezza, wakachomelea chuma bapa juu yake, halafu juu ya hicho chuma ndo wakaweka siti na reli zake za Evo. Yaani reli juu ya reli! Siti ikapanda kama vidole vitatu hivi. Unaweza kuona vidole vitatu ni vichache ila mi ni mrefu, nikipita tuta kichwa kinagonga paa, usukani unagusa mapaja, na nikifunga breki kali siti inacheza tk tk. Gari ya spoti unakaa juu kama uko kwenye Canter.

Halafu walitoa siti za zamani zenye eyabegi za ubavuni, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigongwa, huku swichi ya gari iko on, wakachomoa ile plagi ya njano hivihivi. Taa ya eyabegi ikawaka na haikuzima tena. Kijana akaniambia "boss usijali, tunaweka rizista hapa taa inazima". Nikakataa. Rizista inaidanganya kompyuta tu kwamba eyabegi ipo, siku ukiuza gari mwenzako anajua analindwa kumbe ubavuni hamna kitu. Kwa Toyota unatoa kwanza waya hasi wa betri, unasubiri angalau sekunde 90 ndo unagusa plagi yoyote ya njano, wala sio elimu kubwa. Mi taa nimeiacha iwake nijue ukweli wangu.

Na kitambaa pia walinipiga. "Kaka hii leza orijino", yaani ngozi ya kweli, laki 6 siti mbili. Miezi mitano tu, ule ubavu unaopanda nao ukaanza kuchunika kama ganda la kitunguu. Kipande kilichodondoka nikakigeuza, nyuma yake wavu wa kitambaa. Ngozi ya kweli nyuma ina nyuzinyuzi za manyoya kama suedi, kwa hiyo omba kipande ukigeuze kabla hujatoa hela, mi niligeuza baada.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Magomeni, anashonea barazani, cherehani moja nzito na kijana mmoja. Kitu cha kwanza hakuniuliza rangi, aliniambia "mwanangu, panda ukae kama unavyoendeshaga". Akazunguka dirishani, akaangalia kichwa, akaangalia magoti, akasema hapa hatushoni kitu mpaka siti ishuke. Akamwita fundi wa kuchomelea anayemwamini, wakatupa ule uchafu wote wa reli mbili, wakatengeneza miguu mipya ya chuma nene inayofungwa na bolti kwenye matundu yaleyale ya sakafu, reli zikabaki za Evo peke yake. Nilileta bolti za dukani akazirudisha kwa sababu hazina namba kichwani, akataka zenye 10.9, namba ya ugumu wa bolti. Nilipokaa mara ya kwanza ngumi yangu inapita kati ya kichwa na paa, nikacheka mwenyewe.

Kushona sasa. Magamba ya zamani, yaani vile vifuniko vya juu ya sponji, hakuyachana ovyo, alifumua mshono mmoja mmoja, akayapiga pasi, akayatumia kama kielelezo cha kukatia. Ubavuni ngozi nyeusi, katikati kitambaa, maana alisema ngozi nyeusi kote kwa jua la Dar utaungua mapaja, na ni kweli nishaungua. Uzi wa nailoni mwekundu, mishono miwili inaenda sambamba, ule wa pamba alisema jasho linaula. Mikunjo iliyobaki kwenye kona kijana aliipiga na drayeri ya nywele huku mzee anavuta kwa kiganja mpaka ikalala.

Mabaya yapo. Aliniambia siku 4, zikawa 13, na simu hapokei kabisa, unaenda unakuta yuko msikitini au yuko msibani. Mshono wa siti ya abiria umepinda kidogo karibu na kichwa, ukiujua unauona kila siku. Jumla kwake miguu, sponji mpya ya dereva, ngozi na ufundi ni laki 9 na elfu 40, ukijumlisha na za gereji ya kwanza najisikia vibaya kwa hiyo sijumlishi.

Kuendesha ni gari nyingine. Kona ya kushoto zamani nilikuwa najishikilia na usukani, sasa mbavu za siti zinanibana nabaki kusoma barabara tu. Safari ya Morogoro kwenda na kurudi mgongo haujauma. Ila mama yangu alipanda mara moja, kushuka kanga ikanasa kwenye ule ubavu, tukamvuta mimi na jirani, toka siku hiyo akiniona nimewasha gari anauliza kwanza, "bodaboda hamna?"

Bado siti ya nyuma. Uzi mwekundu wa aina ile umeisha, mzee anasema uko Kariakoo, anasema hivyo wiki ya tatu sasa.