TAHADHARI: Kabureta "mpya" ya trekta ya Ferguson inayouzwa Gerezani, Dar es Salaam, ni chakavu lililopakwa rangi

Wakuu, anayetaka kucheka acheke, lakini asome kwanza. Nimeingizwa mjini mchana kweupe, mimi ambaye trekta ya mtu ikigoma humu jukwaani simu yangu ndiyo inaita.

Trekta langu la Ferguson lile la kijivu mnalijua, lenye injini ya Continental, na nilikuwa nalitafutia kabureta nzima ya Marvel-Schebler, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Dukani likatolewa boksi. Ndani kabureta imeviringishwa nailoni, inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikashika fito ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya kwenda kwenye injini) nikaitikisa juu, chini, kushoto: haichezi hata kidogo. Nikafungua na kufunga, laini kabisa. Muuzaji akasema, "Bosi, wewe fundi, jaribu mwenyewe." Akaigeuza juu chini, akanipa mpira mfupi nipulize kwenye mdomo wa kuingilia petroli. Nikapuliza mpaka mashavu yakaniuma. Hewa haipiti. Akaigeuza sawa, nikapuliza, hewa ikapita. Kwa yeyote anayejua kazi, maana yake nidoli (sindano ya kuzuia petroli) inaziba na floti (boya linaloisukuma) inashuka. Kipimo nimefanya kwa pumzi yangu mwenyewe! Nikatuma shilingi 380,000 kwa simu, nikasema na asante.

Kuifunga kwenye trekta, petroli inafurika na injini inazima. Sasa sikieni ujanja wenyewe. Floti ilikuwa imetoboka na ina petroli ndani. Ukiigeuza kabureta juu chini, uzito wa floti ndio unaosukuma nidoli, na floti iliyokunywa petroli ni nzito, kwa hiyo inaziba vizuri kuliko nzima. Kabureta ikikaa sawa, floti inatakiwa ielee kwenye petroli ya bakuli la kabureta ndipo nidoli ifunge. Haielei. Petroli haikatiki. Kipimo kile kile nilichokiamini ndicho kilichoificha.

Na ile fito isiyocheza? Tundu zake zimelika, zikajazwa grisi nzito. Petroli ni kiyeyusha grisi, siku chache tu grisi imekwisha na hewa inaingia pembeni. Ndiyo maana trekta ukiipa mafuta inavuta vizuri, ukiirudisha silensa (mngurumo wa taratibu) inatetemeka na kuzima: kipepeo kikifungwa ndipo injini inanyonya kwa nguvu zaidi, na pengo dogo linaonekana kubwa. Wengi hapo hukimbilia plagi na platini, yaani vifaa vya cheche. Pulizia oili nyepesi kidogo kwenye ncha za fito, injini ikiwa silensa na haijapata moto. Mlio ukibadilika, jibu umelipata.

Mtaniambia kuzima huko ni uchafu wa tangi. Hapana. Chujio la bakuli la kioo chini ya tangi lilisafishwa, na lile dogo kwenye kiwiko cha kabureta pia. Mfuniko wa tangi uliachwa wazi, isije ikawa tundu la hewa limeziba. Nikafungua kizibo cha chini cha kabureta nikakinga: nusu lita ilijaa kabla ya dakika 2 kuisha, mkondo haukukatika. Petroli inafika vizuri sana, tatizo ni kwamba haizuiliki. Kabureta hii inavuta hewa kutoka chini, kwa hiyo ikifurika inamwaga chini, karibu na bomba la moshi. Shamba lingeweza kuungua.

Nikafungua skrubu nne. Floti inatakiwa iwe milimita 6 kutoka uso wa gasketi ukiwa umegeuza kifuniko. Hii ilikuwa 3, ulimi wa floti umekunjwa kwa koleo. Jeti kuu (tundu linalopimia petroli) imetanuliwa kwa keekee, alama za kukwaruza zinaonekana. Sindano ya chini, ile ya kurekebishia petroli, kwa kawaida unaanzia mzunguko mmoja kutoka kwenye kufunga. Hii ukibakiza robo mzunguko bado moshi mweusi. Shingo ina ufa uliozibwa gundi ya chuma. Mwili wa kabureta hii ni chuma cha kalibu, sumaku inaganda kote. Pale kwenye gundi sumaku ilinipa mgongo.

Nilipompigia muuzaji: "Umeiharibu mwenyewe, mzee." Mzee! Juzi nilikuwa bosi.

Mtu huyu ashughulikiwe. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakutoa, alisema mashine inachaji, basi TRA, mamlaka ya mapato, waanzie hapo. Tume ya Ushindani wana kazi na bidhaa za namna hii. Na sisi tusinunue kwake hata nati. Akirudisha hela asirudishe kimya kimya, aseme ameuza ngapi na kwa nani, maana nailoni zile kwenye shelfu hazikuwa moja.

Haya, dalili. Harufu ya rangi mbichi. Vichwa vya skrubu vimechubuka chini ya rangi. Omba ifunguliwe mbele yako; akikataa, ondoka. Toa floti, itikise sikioni, halafu itumbukize kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa: vipovu vikitoka imetoboka. Futa grisi kwenye fito ndipo uitikise. Msiguse floti yenye petroli kwa moto wa kulehemu kabla haijakauka kabisa, tafadhali.

Mimi nilifanya yote haya nyumbani, baada ya kulipa. Kabureta ipo mezani kwangu, floti bado inasikika maji maji. Anayekwenda Gerezani wiki hii apite aichukue, amwoneshe mwenyewe mbele ya wateja.