Miaka minne na Rover 2000, gari lililoachiwa nafasi ya injini isiyokuja

Nianze na hukumu, maana najua wengi wetu tukikuta maelezo marefu tunasoma aya ya kwanza tunaondoka. Rover 2000 ya 1967 ni gari zuri kuliko bei yake. Breki zake za nyuma ni adhabu. Na kama huna jamaa mwenye mashine ya kuchomelea, liache lilivyo.

Naishi Coventry, huu mwaka wa kumi na moja. Baba yangu ni fundi makanika, siku hizi amepumzika nyumbani Tanga, na sisi watoto tumesomeshwa na Landrova 109 za mashamba ya mkonge. Kwa hiyo niliposema natafuta mkweche wa Kiingereza wa kutembelea Jumapili, nyumbani wote walijua ni Landrova. Ningependa, lakini Landrova kuukuu hapa bei zake sasa zinatisha. Nikaangukia ndugu yake wa tumbo moja: Rover 2000, wenyewe wanaliita P6, lililotoka kiwanda kilekile cha Solihull. Nilimlipa pauni 5,800 mzee mmoja aliyekuwa amelifunika shuka la kitanda gerejini kwake.

Ndani ni raha. Viti ni vinne, vya ngozi, kila kimoja kimefinyangwa peke yake, hata vile vya nyuma. Mtu wa tano anakalia mshono. Shangazi alipokuja kututembelea alikalishwa hapo safari moja. Ya pili alifika garini kabla yetu na kujifungia mbele. Chini ya dashibodi, pale magoti yanapogonga, wameweka masanduku mawili makubwa yaliyofunikwa laini: unatia tochi, ramani, chupa ya maji, na siku ya ajali yanapokea magoti yako badala ya chuma. Kuna kitufe cha kuvuta cha akiba ya mafuta, yaani tangi likikauka unakivuta unapata ya kukufikisha kituoni. Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo mno. Juu ya zile taa ndogo za pembeni mbele kuna kinundu cha plastiki kama punje ya hindi. Usiku taa zikiwaka na vile vipunje vinang'aa, na wewe ukiwa kwenye usukani unaziona pembe zote mbili za gari, unajua mwili wako unaishia wapi. Gari la mke wangu ni jipya, linanipigia kelele kila nikikaribia ukuta. Hili linanionyesha kwa nukta mbili za mwanga, na lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963.

Barabarani limetulia. Nyuma wametumia bomba la De Dion, linaloyaweka magurudumu wima hata bodi ikilala kwenye kona, na breki ni za diski pande zote nne, jambo ambalo kwa gari la familia la enzi zile halikuwa la kawaida. Sishangai kwamba mwaka 1964 ndilo lililopewa tuzo ya kwanza kabisa ya Gari la Mwaka la Ulaya. Na msidanganyike, mashimo Coventry yapo. Linayapita kama halijayaona.

Sasa ubaya wake, na hapa wanaotaka kununua wakae karibu.

Mabati ya nje hayabebi chochote. Ndani kuna kiunzi cha chuma, na madigadi, milango, mpaka paa, vimefungwa juu yake kwa bolti. Ni akili kubwa: ukigongwa ubavuni unafungua bati moja unafunga jingine. Boneti na mfuniko wa buti ni alumini, havijui kutu ni nini. Kwa hiyo gari linaweza kung'aa nje kama bwana harusi huku fulana ya ndani imebaki kola tu. Mwezi wa tatu nilifungua madigadi ya nyuma upande wa kushoto, nia yangu ilikuwa kusafisha tu. Bolti zikatoka vizuri, bati likaja mkononi zuri, halina doa. Nikashika nguzo iliyokuwa nyuma yake na kidole gumba kikaingia mpaka pingili ya kwanza. Ilikuwa laini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya gari."

Nikamweleza. Akaniuliza kama kabla ya kulipa nilipitisha bisibisi chini, nikigonga gonga. Sikupitisha. "Basi mwanangu hukununua gari," akasema. "Umenunua rangi."

Kuchomelea pande zote mbili kumenigharimu zaidi ya theluthi ya bei niliyolinunulia. Likakaa miezi mitano juu ya stendi.

Katika miezi hiyo mitano ndipo nilipoanza kulitazama chini ya boneti kwa utulivu, na kitu kikawa kinanisumbua. Injini ni ya silinda nne, imesimama katikati, na pembeni mwake pana nafasi ambayo haina kazi. Naingiza mkono mpaka kiwiko. Springi za mbele hazikusimama kama za magari mengine. Zimelala, zinasukuma ule ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva. Mtu hahangaiki kulaza springi bila sababu. Alikuwa anapisha kitu.

Kitu chenyewe nilikwenda kukiona Gaydon, kwenye jumba la makumbusho la British Motor Museum, nusu saa kutoka kwangu. Pale limesimama gari linaloitwa T4, la mwaka 1961. Ukilitazama ubavuni unasema ni P6, hakuna ubishi: milango ileile, vioo vilevile. Pua tu ndiyo ngeni. Na chini ya boneti hamna pistoni hata moja. Mna turbini ya nguvu za farasi 140, inayoendesha magurudumu ya mbele. Lilikuwepo miaka miwili kabla ya P6 ya petroli kuingia sokoni. Yaani ile nafasi ya kiwiko changu ilikuwa na mwenyewe.

Nifafanue kidogo, maana ukisema "gari la turbini ya gesi" kwetu mtu anafikiria mtungi wa gesi asilia kwenye buti. Siyo hiyo. Hii ni injini jamii ya zile za ndege. Inavuta hewa, inaikandamiza, mafuta yanawaka ndani yake mfululizo bila plagi kupiga kila mara, na ule upepo wa moto unazungusha gurudumu lenye vipapi. Gurudumu la kwanza linarudi kukandamiza hewa mpya. La pili, ambalo halikuunganishwa na la kwanza kwa chuma chochote, ndilo linalopeleka nguvu kwenye tairi. Kwa sababu kati yao kuna upepo tu, huhitaji klachi, na gia za kubadilisha moja mbili tatu hazina kazi.

Rover hawakuokota jambo hili njiani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walipewa kazi ya kutengeneza injini ya ndege ya Frank Whittle, mtoto wa hapahapa Coventry; sanamu yake iko mjini, amekinga mkono juu ya macho anatazama angani. Hawakuelewana naye, na kazi ikahamia Rolls-Royce, lakini mdudu alikuwa ameshawaingia. Machi 1950 wakalitoa hadharani JET1, gari la wazi la watu wawili, turbini ikiwa nyuma ya viti, la kwanza duniani la aina yake. Mwaka 1952 likapelekwa Jabbeke, Ubelgiji, likavuka maili 150 kwa saa. Usukani alishika Spen King, mhandisi wao kijana. Mkumbukeni huyo.

JET1 lenyewe limehifadhiwa Science Museum, London. Kama mnapita pale na watoto, kiingilio ni bure, Gaydon wanatoza. Mimi nikichagua moja nachagua Gaydon, kwa sababu mbali na T4 lipo pia Rover-BRM la mashindano. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1963 lilikimbia na namba 00, Graham Hill na Richie Ginther wakipokezana, likamaliza saa zote 24 bila kuwekwa kwenye orodha rasmi ya washindani. Mwaka 1965 likarudi na bodi iliyofunikwa juu, Hill safari hii na Jackie Stewart, likawa la kumi. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaanza kunizunguka.

Jioni ile nikampigia tena baba.

"Linakunywa nini?" Swali lake la kwanza.

"Petroli. Dizeli. Hata mafuta ya taa."

"Kwa hiyo ukichakachua halikohoi."

"Halikohoi baba."

Alicheka mpaka simu ikaanza kukwaruza. Miaka yote ile kazi yake ilikuwa kusafisha mifumo ya mafuta ya magari yaliyonyweshwa mchanganyiko, na kumbe Wazungu walishatengeneza gari lisilojali. Halafu akatulia, ufundi ukamrudia. "Lita moja linakwenda umbali gani?"

Nikamwambia JET1 lilikuwa linapata kama kilomita mbili.

Kimya. "Aa. Basi ndiyo maana."

Ndiyo maana kweli, japo si hiyo peke yake. Turbini inapenda kukimbia kwa kasi moja saa nzima, kama ndege. Gari la mjini linasimama kwenye foleni, na turbini ikisimama kwenye foleni inaendelea kunywa. Ukikanyaga mafuta inajifikiria kwanza ndipo iitike. Ukiachia, haikushiki kama injini ya pistoni inavyokushika kwenye mteremko. Na vipapi vyake vinaishi ndani ya moto, kwa hiyo vinataka vyuma vya bei mbaya. T4 waliliwekea kifaa cha kuokoa joto la eksozi na kulirudisha ndani, ulaji ukapungua sana, lakini gharama haikupungua. Sokoni halikufika.

Ile nafasi haikupotea yote, lakini. Mwaka 1968 wakaingiza humo V8, yaani injini ya silinda nane, ya alumini, waliyoinunua michoro yake Marekani kwa watengeneza magari wa Buick, na P6 likawa 3500. Injini hiyohiyo ndiyo iliyokwenda kwenye Range Rover ya 1970, na aliyeongoza uhandisi wa Range Rover ni nani? Spen King yuleyule wa Jabbeke. Mlioko Arusha mliowahi kukaa kwenye Range Rover kuukuu la milango miwili V8 ikiunguruma mbele yenu, mjue mlikuwa mmekaa karibu na hadithi hii.

Turudi kwangu, kwenye silinda nne na breki.

Diski za nyuma hazipo kwenye magurudumu. Zipo katikati, zimebana difu huku na huku. Kwa uendeshaji ni jambo jema, magurudumu yanabaki mepesi. Kwa fundi ni laana. Unalala chali, unapitisha mkono juu ya bomba la De Dion, na kubadilisha pedi unafanya kwa kupapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Oil seal ya difu ikianza kuvuja, oili inamwagikia diski moja kwa moja. Yangu ilivuja. Nikaagiza kaliper, yaani zile koleo zinazobana diski, mtandaoni kwa muuzaji mmoja wa spea, nikamwandikia mwaka wa gari na namba ya chasisi. Akanitumia za kampuni ya Dunlop, ambazo ni za magari ya mwanzo. Langu lina za Girling, watengenezaji wengine. Nilipolalamika akajibu kwamba boksi limeshafunguliwa, atakata robo. Sasa nitajuaje ni za Dunlop bila kufungua boksi? Jumamosi mbili zilikwenda, na ngozi ya vifundo vya mkono wa kulia.

Gharama za kila siku zinavumilika. Hapa gari likizidi miaka 40 halilipi kodi ya barabara, ukaguzi wa kila mwaka si lazima, na London linaingia bila tozo ya hewa chafu. Ukaguzi mimi napeleka hata hivyo, baada ya kile kidole gumba sijiamini tena. Petroli ya kawaida ya E10, yenye ethanoli nyingi zaidi, siliwekei, maana ile ethanoli inakula mipira ya zamani. Nanunua E5, yenye ethanoli kidogo, ya bei juu. Linanipa kama kilomita tisa kwa lita. Plagi, filta, gasketi, vyote vinapatikana, na klabu za wapenzi wake zina wazee watakaokupa ushauri bure mpaka uombe msamaha uondoke.

Nani alinunue? Mwenye gereji yenye paa, na subira. Upitishe bisibisi chini kabla ya kutoa hata pauni moja. Vua kiti cha nyuma utazame chini yake. Uliza breki ni za nani.

Baba anakuja Juni, mara yake ya kwanza Uingereza. Nilimwandikia orodha ya mahali pa kutembea: London, mto, kasri. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba hayo ataangalia kwenye televisheni, yeye anataka kuona hiyo difu. Nimeshamnunulia ovaroli.