Siku tatu Entebbe kwa shilingi 400,000: tathmini ya nyumba ya wageni ya Kitoro

Watoto wetu walitaka Mombasa. Nilipopiga hesabu ya basi la kutoka Kampala, chakula cha njiani na malazi ya huko, niliona kwamba mshahara wa mwalimu wa sekondari ungeishia mpakani Busia, nikawaahidi badala yake maji yasiyo na mwisho machoni, ila hayana chumvi. Hivyo Ijumaa moja mchana, mke wangu, watoto wawili na mimi tulishuka teksi Entebbe tukiwa na shilingi 400,000 za Uganda, ambazo zilipaswa kutulaza, kutulisha na kuturudisha nyumbani Jumapili.

Mji huu, ambao jina lake linatokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti na ambao Waingereza waliufanya makao ya serikali yao ya kikoloni, umekaa kwenye rasi inayoingia Ziwa Victoria, takriban kilomita 40 kutoka Kampala. Kwa sababu ya umbo hilo la nchi, ufuko hauko mbali na mtaa wowote, na hapo ndipo mwenye mfuko mwembamba anapopata nafuu yake. Anayelala ufukoni hulipia mandhari hata akiwa amefumba macho. Sisi tulichagua Kitoro, upande wa soko na kituo cha teksi, ambako chumba cha watu wanne kilitugharimu shilingi 60,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo.

Sitaitaja nyumba hiyo kwa jina, kwa kuwa mabaya yake hayazidi ya nyumba nyingine za bei hiyo. Shuka zilikuwa safi, zenye harufu ya sabuni na jua, vyandarua havikuwa na tundu hata moja, na mlango ulikuwa na kitasa kinachofunga kweli. Maji ya moto niliyohakikishiwa kwa simu hayakuwapo usiku wa kwanza. Mhudumu wa mapokezi alikiri bila haya kwamba hita ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyotangulia, kisha akatuletea ndoo mbili za maji yaliyochemshwa jikoni, jambo lililonipunguzia nusu ya hasira. Nusu iliyobaki ilimalizwa na baa ya jirani, ambayo Jumamosi ilipiga muziki hadi saa nane usiku huku dirisha la chumba chetu likiwa limeielekea kama sikio. Chai nayo ilihesabiwa kwa watu wawili tu, ingawa tulijiandikisha wanne, kwa hiyo kila asubuhi nilitoka kununua rolex mbili, yaani chapati zilizoviringishwa na mayai, kwa kijana wa chapati aliyekuwa mkabala na lango, na nakiri kwamba zilikuwa tamu kuliko mayai ya nyumba ile.

Kuhusu chakula kingine sina mengi ya kusema. Vibanda vya Kitoro hupakua matoke, wali, posho (ugali), maharagwe na mchuzi wa karanga kwa wingi unaotosha watoto wawili katika sahani moja, na sahani hiyo tulilipa shilingi 8,000. Samaki mzima wa kukaanga tulimla mara moja tu, ufukoni, kwa 35,000, na tulimla hadi kwenye mifupa.

Jumamosi asubuhi tulitembea katika bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, inayoshuka taratibu hadi ziwani. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, basi chukua kitambulisho chako cha taifa. Watoto walisahau Mombasa mara walipoona mbega wenye mikia myeupe wakirukaruka juu ya vichwa vyao, na hondohondo wakipiga kelele kama wazee wanaogombea shamba. Kituo cha wanyamapori hakiko mbali na hapo. Kilianza miaka ya 1950 kama makao ya wanyama walioachwa yatima, na kilituchukulia karibu sehemu ya kumi ya bajeti yetu. Sijutii hata shilingi, lakini kama fedha hazitoshi kulipia vyote viwili, mimi ningechagua bustani, kwa sababu humo hakuna anayekuharakisha.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote halikuwa na bei. Wenye mashua huomba fedha nyingi kwa mzunguko mfupi ziwani, na nilikuwa karibu kukubali pale mlinzi wa nyumba yetu, mzee wa Arua aliyestaafu jeshini, aliponivuta kando. "Mwalimu, usitupe pesa," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Enda Nakiwogo, panda feri ya serikali, vuka mpaka Buwaya, rudi. Hakuna mtu atakuomba kitu." Tulifanya hivyo. Tulisimama kati ya bodaboda, magunia ya mkaa na akina mama wenye mikungu ya ndizi, upepo ukitupiga usoni, na binti yangu akashika ukingo wa chuma safari nzima kama nahodha. Kule ng'ambo hakuna kivutio kilichoandaliwa kwa mgeni. Tulinunua karanga, tukangoja feri, tukarudi.

Kuogelea tuliwakataza watoto, na kwa hilo tulinuniwa. Ziwa Victoria lina kichocho, na maji ya ufukoni, hasa penye majani na konokono, si ya kumwachia mtoto kwa sababu tu wengine wanaoga. Walijenga ngome za mchanga, wakapiga mpira, na jioni nzi wadogo wa ziwani walipotufunika kama moshi, wenyewe waliomba kurudi Kitoro.

Jumapili tuliondoka mapema mchana, kabla ya umati unaorudi Kampala kupandisha nauli. Nilipohesabu mfukoni, nilibaki na shilingi 41,000. Nikilinganisha bei na nilichopata, nitarudi nyumba ile ile, ila nitapiga simu kwanza kuulizia hita, na nitafuata neno la mwisho la yule mzee wakati akitubebea begi hadi kituoni: "Ukirudi, Mwalimu, sema unataka chumba ya nyuma. Huko baa haisikiki." Kiswahili ni somo ninalofundisha, lakini sikumsahihisha.